Kabla ya Kukubali Dawa ya ITP, Uliza Inakwenda Kufanya Nini

Hotuba kwa wagonjwa wenye ITP sugu, yaani upungufu wa chembe sahani za damu unaoletwa na kinga ya mwili, na ndugu zao, Dar es Salaam

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi ndugu mliowasindikiza wagonjwa wenu, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmesafiri kutoka mikoani, na wengine mmeomba ruhusa kazini ikatolewa kwa shingo upande. Sitaupoteza muda wenu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kliniki ni hili: "Daktari, dawa ipi ni nzuri?" Analiuliza mgonjwa, analiuliza mume, analiuliza shangazi aliyepiga simu kutoka Muscat na yuko tayari kuchangia gharama. Nami kila mara narudisha swali: tunataka dawa hiyo ifanye nini? Ikomeshe damu inayotoka puani? Ipandishe namba ili mgonjwa afanyiwe upasuaji wiki ijayo? Imwezeshe mama kubeba mimba salama? Imtoe kwenye prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kuanzia? Au itupunguzie hofu sisi sote, daktari akiwemo? Kila moja ya haja hizo ina jibu lake, na majibu hayo hayafanani. Wagonjwa wengi ninaowapokea wamekwishapitia dawa mbili au tatu bila mtu yeyote kuwaambia dawa hizo zilikuwa za kazi gani.

Ugonjwa wenyewe nitaueleza kwa ufupi, maana humu ndani mna watu wanaoujua kwa miili yao. Chembe sahani, ambazo wengi mnaziita pleteleti, ndizo zinazoziba mahali mshipa mdogo unapopasuka. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Kwa mgonjwa wa ITP, kinga ya mwili inazitia alama chembe zake yenyewe kwa kingamwili, zile protini za kupambana na maradhi, kisha bandama inazinasa na kuziharibu. Uboho, ambao ndio kiwanda chake, nao unashindwa kuzalisha za kutosha kufidia. Zikishuka chini ya 100,000 na sababu nyingine ikakosekana, ndipo tunapoita ITP. Ukipita miezi 12 tunauita sugu. Watoto wengi hupona wenyewe ndani ya miezi michache, hata bila dawa. Watu wazima wengi huendelea nao, ndiyo maana ukumbi huu umejaa watu wazima.

Jinsi ilivyothibitishwa kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoziharibu inafaa kusimuliwa. Mwaka 1950, huko St. Louis nchini Marekani, daktari kijana aitwaye William Harrington alijitia mshipani damu ya mgonjwa wa ITP. Ndani ya saa chache chembe sahani zake ziliporomoka, akapata degedege, na zilihitaji siku kadhaa kurudi. Yeye alikuwa mzima kabisa kabla ya hapo, uboho wake hauna kasoro. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani ya damu ya mgonjwa yule kilichokuwa kinaharibu chembe za mtu yeyote. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu linajibu mambo mengi yanayosemwa majumbani. Dada yetu hakupata ITP kwa sababu hakula vizuri. Hakutupiwa kitu na jirani. Juisi ya rosela, maini na majani ya matembele vinaweza kumsaidia kama amepungukiwa madini ya chuma kwa kupoteza damu nyingi ya hedhi, lakini havizuii kingamwili. Juisi ya majani ya mpapai, ambayo ilivuma sana mjini hapa wakati wa homa ya dengue, sijaona ushahidi wa kuniruhusu nimwambie mgonjwa wa ITP aitegemee.

Simulizi hiyo inaeleza pia kwa nini tunakataa kuongeza damu pale ndugu wanapokuja na kundi la watu walio tayari kutoa. Nawaheshimu sana kwa moyo huo. Lakini chembe sahani tutakazomwekea zinakutana na kingamwili zilezile, na zinaharibiwa ndani ya saa chache. Tunaziweka pale tu mgonjwa anapovuja damu kwa namna inayotishia maisha yake, tena pamoja na dawa nyingine za dharura.

Sasa, kabla ya kupima dawa kwa dawa, lazima tuwe na hakika kwamba tunachotibu ni ITP. Hapa kwetu hatua hii hurukwa mno. Malaria hushusha chembe sahani. Dengue hushusha. Virusi vya UKIMWI hushusha, na dawa yake hapo ni ARV. Homa ya ini C na ugonjwa wa ini wenye kuvimba bandama hushusha. Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, hushusha. Kwinini na Septrini zinaweza kuziharibu ghafla kwa watu wachache, kisha zikapanda zenyewe dawa ikiachwa. Na kuna jambo dogo ambalo limewahi kuwapa watu dawa wasiyoihitaji: ndani ya kile kichupa cha FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, chembe za baadhi ya watu hushikana makundi makundi, mashine ikazihesabu chache ilhali mwilini ni tele. Fundi sanifu wa maabara akiweka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa darubini, ataliona hilo kwa dakika chache. Muulizeni daktari wenu, kwa adabu kabisa: "Damu yangu imetazamwa kwenye darubini?" Swali hilo halimkosei mtu heshima.

Kipimo cha bakteria wa tumboni, *H. pylori*, nacho ni cha thamani kuliko bei yake. Waitaliano waliripoti mwaka 1998 kwamba baadhi ya wagonjwa wa ITP walipotibiwa bakteria huyo, chembe zao zilipanda. Haimsaidii kila mtu, na matokeo yanatofautiana nchi kwa nchi. Lakini ni wiki mbili za vidonge vya kawaida, na hapa kwetu bakteria huyo yuko kwa watu wengi. Ningependa kila mgonjwa wangu apimwe kabla ya kuingia kwenye dawa kubwa.

Tuje kwenye namba. Namba hii inawatesa. Nimewaona watu wanaopima FBP kila wiki kwa fedha za kukopa, ikisoma 42,000 wanacheka, ikisoma 37,000 hawalali. Ndugu zangu, kati ya namba hizo mbili hakuna tofauti yoyote ya maana kwa mwili wako. Mtu mzima mwenye chembe zaidi ya 30,000 asiyevuja damu, mara nyingi hahitaji dawa yoyote. Anahitaji kufuatiliwa, kuacha aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, kuepuka sindano za msuli, na kuishi maisha yake. Wapo wenye 20,000 ambao kwa miaka hawajatoka damu ya fizi, na yupo mwenye 35,000 ambaye kila mwezi hedhi inamlaza. Nikimtibu wa kwanza kwa nguvu na kumwacha wa pili kwa sababu namba yake "iko juu", nimeitibu karatasi ya maabara.

Yako mambo yanayobadilisha hesabu hiyo. Umri ukipita miaka 60, au presha isiyotulia, au vidonda vya tumbo, au dawa za kuyeyusha damu, hapo nakuwa mwoga zaidi. Kazi nayo ina uzito wake: dereva wa bodaboda na mpaka rangi anayepanda ngazi siwezi kuwapima sawa na karani. Kung'oa jino tunataka angalau 30,000 hadi 50,000, upasuaji mkubwa karibu 80,000. Na kwa vijana wa kiume wanaosubiri jando, tafadhali, tohara ifanyike hospitali, na daktari wa damu ajue kabla.

Kuna utafiti mmoja ninaoutumia sana kuwafundisha madaktari vijana. Ulifanyika Uingereza na matokeo yake yakatoka mwaka 2021. Wagonjwa wapya 120 wa ITP waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipewa dawa za kundi la prednisoloni peke yake, la pili likaongezewa dawa ya kutuliza kinga inayoitwa mikofenolati tangu mwanzo. Waliopewa dawa za prednisoloni peke yake, tiba ilishindwa kwa asilimia 44. Walioongezewa mikofenolati, ilishindwa kwa asilimia 22, yaani nusu. Ukisomea hapo utaandika mikofenolati kwa kila mtu. Lakini watafiti walikuwa wamewauliza wagonjwa pia wanajisikiaje, na wale walioongezewa dawa, ambao namba zao zilikuwa nzuri zaidi, walisema uchovu umezidi na uwezo wao wa kufanya shughuli umepungua. Chembe zimepanda, mtu ameshuka! Mimi siichukulii dawa hiyo kuwa mbaya, na wapo ninaowapa. Ila nilipousoma utafiti ule niliamini zaidi lile ambalo wagonjwa wamekuwa wakiniambia siku zote, kwamba uchovu wa ITP ni ugonjwa kamili na haupimwi na mashine ya maabara. Mwalimu anayeshindwa kusimama darasani hadi kipindi cha nne si mvivu. Mwambieni daktari, aandike kwenye faili.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye prednisoloni, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia.

Ni dawa nzuri ya kuanzia. Inafanya kazi kwa wagonjwa wengi, ndani ya siku chache hadi wiki chache, na inapatikana kila duka la dawa kwa bei ya chakula cha mchana. Mtu wa kilo 60 huanza na miligramu 60 hivi kwa siku, ambazo kwa vidonge vyetu vya miligramu 5 ni vidonge 12, au hupewa deksamethasoni miligramu 40 kwa siku nne. Mwongozo wa Jumuiya ya Hematolojia ya Marekani wa mwaka 2019 unasema kozi ya prednisoloni isizidi wiki sita, ikijumuisha muda wa kuipunguza. Wiki sita! Sasa jiulizeni humu ndani, ni wangapi wamemeza kwa miaka miwili, mitatu, mitano. Mgonjwa anaruhusiwa, anapewa tarehe ya mbali, dawa zinaisha, anakwenda dukani na boksi tupu, anauziwa boksi jipya. Hakuna aliyeamua kwamba ameze miaka mitano. Iliendelea tu kwa sababu hakuna aliyeisimamisha.

Na mwili unalipa. Uso unajaa, mwanzoni majirani wanamsifu amenenepa. Kisha sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalainika hadi uti wa mgongo unavunjika kwa kuinua ndoo, mtoto wa jicho anaingia mapema, usingizi unakata, hasira zinakuja bila sababu, ndoa inatikisika. Kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaamka, na nchi yetu inakijua kifua kikuu. Dawa hii ni ya senti chache ukiitazama dukani, lakini ukijumlisha sukari, macho, mifupa na siku za kulazwa, sijui dawa ya ITP iliyowagharimu Watanzania zaidi. Ndiyo maana nasema: swali la dawa ya pili lianze siku ile ile ya dawa ya kwanza. Usingoje mpaka prednisoloni imemla mtu ndipo uulize kuna nini kingine.

Ila nisieleweke vibaya. Aliyeitumia muda mrefu asirudi nyumbani leo na kuitupa. Ikiachwa ghafla, mwili unaokuwa umesahau kutengeneza homoni yake yenyewe unaweza kuzimia na hata kufa. Inapunguzwa taratibu, chini ya macho ya daktari.

Kwa ITP sugu inayohitaji tiba zaidi ya prednisoloni, mlango wa pili una njia tatu kubwa. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinazipanga kwa mpangilio wao, na mpangilio huo ni wa haki kwa watu wao. Sisi tuna malaria, tuna homa ya ini B, tuna umbali, tuna dawa inayoadimika bohari. Lazima tuzipime upya hapa hapa tulipo.

Njia ya kwanza ni dawa zinazouamsha uboho uzalishe zaidi: eltrombopagi, ambayo ni kidonge cha kila siku, na romiplostimu, sindano ya chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 2008, na zimebadilisha maisha ya watu wengi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa huitikia, wengi vizuri, na hazidhoofishi kinga ya mwili, jambo ambalo kwa nchi yenye maambukizi kama yetu ni zuri sana. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba zinafanya kazi wakati unazitumia. Wapo wanaofanikiwa kuziacha baada ya muda na wakabaki salama, lakini huwezi kujua mapema kama utakuwa mmoja wao. Ukiziacha ghafla, chembe zinaweza kuporomoka chini kuliko zilipokuwa mwanzo. Kwa hiyo mimi nikiambiwa na familia, "Tumejikusanya, tuna fedha za miezi miwili," nauliza: na mwezi wa tatu? Kama jibu halipo, pengine miezi hiyo miwili itunzwe kwa kazi maalumu, kama vile kumwandaa kwa upasuaji.

Eltrombopagi ina jambo lake jingine ambalo limewaharibia watu dawa ya gharama. Hainywewi pamoja na kalsiamu wala madini ya chuma. Chai ya maziwa ya asubuhi inaikamata tumboni isiingie mwilini. Mtindi hivyo hivyo, dagaa wanaoliwa na mifupa yao hivyo hivyo, vidonge vya kuongeza damu, vidonge vya kutuliza kiungulia. Imezwe angalau saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa nne baada yake. Wengi wanaona rahisi kuimeza usiku wakati wa kulala, chakula cha jioni kikiwa kimeshapita muda. Ini nalo lipimwe mara kwa mara. Na eltrombopagi na romiplostimu zote mbili zinaweza kuongeza hatari ya damu kuganda, hivyo aliyewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda aseme.

Njia ya pili ni rituksimabu, drip ya mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Hospitali zetu kubwa zinaifahamu kwa sababu hutumika kwa saratani ya mitoki. Zaidi ya nusu ya wagonjwa huitikia mwanzoni, lakini baada ya miaka mitano ni kama mmoja kati ya watano au wanne aliyebaki na mwitikio huo. Uzuri wake ni kwamba ina mwisho: unamaliza, unakwenda nyumbani, husubiri boksi la mwezi ujao. Kwa mtu anayeishi mbali huo ni uzito mkubwa upande wa faida. Lakini inaifuta kwa miezi kadhaa sehemu ya kinga inayotengeneza kingamwili, na homa ya ini B iliyokuwa imetulia inaweza kuamka na kuua ini. Hapa Afrika Mashariki kuanza rituksimabu bila kupima homa ya ini B ni kosa ambalo sitalitetea. Pia chanjo zinazotolewa ndani ya miezi sita hivi baada yake hazishiki vizuri, kwa hiyo chanja kwanza.

Njia ya tatu ndiyo ya zamani kuliko zote, kutoa bandama. Mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari mjini Prague, Paul Kaznelson, alimshawishi mwalimu wake mgonjwa atolewe bandama, na chembe zikapanda. Zaidi ya miaka mia moja imepita na hakuna dawa iliyoipita kwa uponaji wa kudumu: karibu theluthi mbili ya wagonjwa hukaa miaka mingi bila dawa. Inafanyika mara moja, na gharama yake inajulikana. Nawaelewa madaktari wanaoipendekeza mapema kwa mgonjwa maskini. Naelewa pia kwa nini yule mwongozo wa 2019 unataka kungoja angalau mwaka mmoja, kwa kuwa wapo wanaotulia wenyewe katika mwaka huo.

Hofu yangu iko kwenye maisha ya baada ya kisu. Bandama ndiyo inayochuja bakteria kama nimokoko, na ndiyo inayotusaidia kupambana na malaria. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watu wazima 33 waliokwishatolewa bandama, na ukakuta wana vimelea vya malaria mara nyingi zaidi, na homa zaidi, kuliko wenzao. Kwa hiyo ninapokaa na mtu wa Makete kwenye baridi, dakika chache kutoka hospitali, namzungumzia upasuaji kwa sauti moja. Ninapokaa na mvuvi wa visiwa vya Ziwa Victoria, ambako malaria haina likizo na boti haiondoki usiku, nazungumza kwa sauti nyingine kabisa. Ugonjwa ni uleule, na namba inaweza kuwa ileile.

Anayeamua kutolewa achanjwe angalau wiki mbili kabla: chanjo ya nimokoko, ya Hib (bakteria mwingine wa nimonia na uti wa mgongo), na ya homa ya uti wa mgongo, ile wanayopewa mahujaji wanaokwenda Makka. Watoto wetu hupata nimokoko na Hib kliniki, ila mtu mzima itabidi atafutiwe. Baada ya hapo, chandarua kila usiku maisha yote, na homa yoyote ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Siyo kesho asubuhi, siyo baada ya kumeza panadoli kwanza.

Kuna dawa za zamani na za bei nafuu ambazo tusizidharau. Azathioprini, nayo ya kutuliza kinga, inachelewa, inaweza kuchukua miezi kabla ya kuonyesha kitu, lakini inapatikana na inawafaa baadhi. Dapsoni ni ya bei ndogo na huwasaidia wengine kuondoka kwenye prednisoloni, ila ipimwe kwanza G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, maana upungufu wake uko kwa watu wengi wa maeneo ya malaria, hasa pwani, na dapsoni inaweza kupasua chembe nyekundu zao. Drip ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangia damu, hupandisha chembe ndani ya siku moja hadi tatu na nguvu yake hudumu wiki chache tu. Hiyo ni ya dharura, ya kabla ya upasuaji au kujifungua. Familia isiuze shamba kuinunua kwa mgonjwa ambaye hana kinachomtoka, kwa sababu ya namba peke yake.

Mama zangu na dada zangu, kwenu ITP ina sura yake. Hedhi nzito ndiyo inayowamaliza wengi, na mara nyingi hutibika bila kugusa chembe sahani hata kidogo: vidonge vya traneksamiki vya kupunguza kuvuja siku za damu, vidonge vya uzazi wa mpango au kitanzi chenye homoni, na madini ya chuma. Nimeona mwanamke aliyekuwa ameandikiwa kutolewa bandama akarudi kazini kwa tiba hiyo tu. Mimba inawezekana. Wengi hubeba na kujifungua salama, kwa prednisoloni ya kiasi kidogo au imunoglobulini pale inapohitajika, tukilenga 50,000 siku ya kujifungua na 70,000 hivi kama ganzi ya mgongoni itatumika. Mtoto apimwe chembe anapozaliwa na siku chache zinazofuata. Mikofenolati hailingani na mimba, inamdhuru mtoto tumboni, na baada ya rituksimabu tunashauri kusubiri mwaka. Kwa hiyo mwambieni daktari kama mnataka mtoto kabla hajaandika chochote. Na wanaume mliopo: mkeo akiwa na alama za damu kuvilia mikononi, majirani watasema unampiga. Usimwache ajifunike mitandio kwenye joto la Dar ili akulinde wewe na maneno. Waeleze ugonjwa.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Eltrombopagi ya mwezi inazidi mshahara wa watu wengi tulio nao hapa, ingawa nakala zinazotengenezwa India zimeanza kushusha bei. Ombeni bima zenu jibu kwa maandishi, siyo la mdomo dirishani. Mkikataliwa, leteni karatasi hiyo kliniki, kwa sababu daktari anaweza kuandika maelezo ya kitabibu, na karatasi kumi za kukataliwa zikiwekwa pamoja zina uzito mezani kwa wanaopanga orodha ya dawa. Daktari akikuchagulia dawa bila kukuuliza utailipaje, mwambie wewe mwenyewe. Hakuna aibu. Ni sehemu ya tiba kama ilivyo kipimo cha ini.

Mwisho ni dharura, na hili wasikilize zaidi wale wasindikizaji. Damu kuvuja kwenye ubongo hutokea kwa takriban mtu mzima mmoja katika mia, ni nadra, lakini haisubiri foleni. Maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, kutapika, kuchanganyikiwa, upande mmoja kulegea, choo cheusi kama lami, malengelenge ya damu mdomoni, kuanguka na kugonga kichwa: mpelekeni hospitali saa hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Semeni neno ITP mapokezi, kabla ya jina. Andikeni kwenye karatasi ndogo ikae kwenye pochi au nyuma ya kava la simu: ugonjwa, dawa anazotumia, kama bandama imetolewa, dawa zisizomfaa, na simu ya ndugu. Pale mezani nyuma kuna kadi tupu na kalamu. Wasiosoma vizuri wauguzi watawajazia.

Nitapokea maswali sasa, na wenye jambo la faragha nitabaki mpaka saa kumi. Mama wa kitenge cha kijani alinyoosha mkono tangu nilipotaja chai ya maziwa, tuanze na yeye.